Kiingereza cha Beseni

Nitangulize hili ili tusije tukasumbuana mbele: kufua najua. Miaka thelathini na mmoja nimefua mashuka ya hospitali hapa mjini Kupiškis, mashuka ya wazazi, ya waliovunjika miguu na ya waliokufa, na hakuna hata moja lililorudi wodini na doa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nilikwenda kujifunza kufua nikiwa na miaka sitini na mitatu, namwacha aseme. Sikwenda kujifunza kufua. Nilimfuata mjukuu wangu.

Jina langu Vilhelmina, mtaani wananiita Vilė. Nina mwana mmoja, Arvydas, ambaye alikwenda Uingereza kupakia karoti kwenye mifuko kwa mwaka mmoja tu, ndivyo alivyosema, na sasa yuko huko mwaka wa kumi na moja. Akaoa Mwingereza, Lorraine. Wakapata binti, wakamwita Daisy. Mimi nilimwona mara moja tu, alipobatizwa, akiwa mdogo wa kukaa kwenye beseni. Baada ya hapo ikawa simu ya Jumapili. Arvydas anamwekea mtoto simu sikioni, mimi nasema maneno yangu yote, nasikia pumzi, pumzi, kisha mtoto anaaga kwa Kiingereza na kukimbia. Miaka saba nimekuwa bibi wa pumzi.

Masika ya mwaka ule Arvydas alipiga simu akasema watakuja Julai, wiki moja, wote watatu. Nikaanza kulia. Akasema, "Mama, ngoja kwanza. Nikuambie ukweli usije ukasema sikukwambia."

"Sema."

"Lorraine ana wasiwasi. Mtoto hamjui mtu huko, hana wa kuzungumza naye, atakaa analia wiki nzima. Akizoea, tutakuwa tunakuja kila kiangazi. Asipozoea, Lorraine anataka viangazi tuwe tunakwenda Uhispania, kuna bahari na kila kitu."

"Huko Uhispania ana bibi?"

"Hana, Mama."

"Basi Uhispania isubiri," nikamwambia, nikakata simu kabla sijasema la kunijutisha.

Sasa, Kiingereza katika mji wetu wakati ule kilifundishwa mahali pawili. Shuleni, ambako hawakunitaka, na ofisi ya ajira, ambako walikuwa na darasa la wiki sita kwa watu wanaokwenda Ireland na Uingereza kusafisha hoteli. Nikaenda ofisi ya ajira. Binti wa dirishani akaniangalia mvi zangu, akauliza, "Mama, na wewe unakwenda kusafisha hoteli?"

"Kwani kuna hoteli iliyokufa kwa kusafishwa na mtu wa umri wangu? Niandike."

Hakuniandika, lakini mwalimu, Evaldas, aliniacha nikae nyuma bila karatasi ya serikali. Evaldas alikuwa amefundisha Kirusi miaka ishirini. Kiingereza alikuwa anatutangulia kwa kurasa mbili. Alitugawia orodha ya maneno mia moja na arobaini. Upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia Kilithuania. Scrub, yaani sugua, na mbele yake šveisti. Rinse, suuza, skalauti. Stain, doa, dėmė. Yote mia moja na arobaini yalikuwa ya kufua, kufagia, kupangusa, kupiga pasi na kuzibua choo. Hakuna mama, hakuna mtoto, hakuna njoo.

Siku ya tatu nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nakupenda liko ukurasa gani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Evaldas akavua miwani, akasema kwa upole, "Mama Vilė, hapa tunasafisha, hatupendi."

Haya. Nikayameza yote. Nilikuwa nayasema nikisugua sakafu, nikiwa bustanini, nikikamua ng'ombe wa jirani yangu Bronė, mwenyewe alipougua mgongo. Bronė ananijua tangu tuko wasichana, na kwa hiyo hana adabu na mimi. Akaegemea mlango wa zizi akauliza, "Hebu shoga, huyo mtoto akija utamwambia nini? Kwamba choo kimeziba?"

"Hilo pia nalijua," nikamjibu, nikamwambia kwa Kiingereza pale pale. Ng'ombe akageuza kichwa.

Wakaja. Nilikuwa nimesimama langoni tangu saa mbili asubuhi, nguo yangu imepigwa wanga mpaka inanikwaruza shingo. Lorraine alishuka kwanza, mwanamke mrefu mwenye macho ya kuchoka, mzuri, sisemi uongo. Nyuma yake, zimejificha nyuma ya mkoba wake, nywele nyekundu za marehemu mume wangu Juozas. Haki ya Mungu, nywele zile zile, kichwani pa mtoto wa kike.

Nikatoa sentensi yangu niliyoiandaa wiki mbili, kwa Kiingereza changu cha beseni: "Nyumba safi. Kitanda safi. Bibi safi."

Lorraine akaziba mdomo kwa mkono akicheka. Mtoto hakucheka. Alizidi kuingia nyuma ya mkoba.

Mkalimani wetu angekuwa Arvydas, lakini hebu niwaeleze habari za hawa watoto wetu walio ughaibuni. Wakifika nyumbani, wa kwanza kumwona si mama, ni daktari wa meno. Kesho yake asubuhi huyo kakimbilia mjini Panevėžys, na jioni karudi meno manne yametoka, shavu limevimba, pamba mdomoni. Hawezi hata kusema maji. Akawa anatuandikia kwa penseli nyuma ya gazeti.

"Yote manne kwa siku moja?" nikamuuliza. "Ulikuwa na haraka ya nini, unafukuzwa?"

Akaandika: NAUMWA MAMA.

Mchana huohuo, kabla hajarudi, ndipo lilipotokea la sahani. Tulikuwa tumekula, na Lorraine, mtu wa adabu, akanishika mabega, akaniondoa kwenye sinki, akaonyesha kwamba yeye ataosha. Nikakaa. Nikaona anaosha sahani kwa sabuni, vizuri kabisa, halafu anaichukua vilevile na povu lake na kuisimamisha ikauke. Nikasema moyoni, labda kasahau. Ya pili, vilevile. Povu linateremka taratibu. Ya tatu nikashindwa.

"Suuza," nikamwambia.

Akatabasamu, akaendelea.

"Suuza!" Nikainuka, nikaichukua sahani mkononi mwake, nikaiweka chini ya bomba. Nilitaka kumweleza kwamba sabuni si chakula, kwamba tumboni haiendi, lakini maneno hayo hayamo katika mia moja na arobaini. Niliyokuwa nayo ni haya: "Sahani chafu. Sabuni chafu."

Shingo yake ikaanza kuwa nyekundu, nyekundu ikapanda mpaka masikioni. Akaweka sifongo chini, akatoka. Mtoto alikuwa mlangoni, ameona yote. Arvydas alipofika na kuelezwa, aliniandikia kwa herufi kubwa: MAMA, ACHA. KWAO HAWASUUZI.

Roho iliniuma. Nilikuwa nimemwudhi mkwe wangu siku ya pili tu, na mtoto aliniona nikimnyang'anya mama yake sahani. Lakini nisiseme uongo, sahani zote nilizisuuza upya.

Siku mbili zikapita hivyo. Lorraine alikuwa na adabu, adabu ile ya mtu anayehesabu siku. Mtoto alikuwa anachora mezani. Mimi nikisogea, anafunika karatasi kwa mkono. Nikapika viazi, hali. Nikapika chapati za maji, kala moja. Nikaiona Uhispania inakaribia.

Siku ya nne nikatengeneza supu yetu baridi ya kiangazi, ya bitiruti na maziwa ya mgando, ambayo rangi yake ni waridi kali kiasi kwamba mtoto aliinua macho kwa mara ya kwanza. Akaonja. Akaongeza. Nikafurahi, nikampa mgongo nikakate mkate. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu, na kijiko kiko chini.

Nikamkuta nyuma ya banda la kuni, amekaa kwenye gogo la kupasulia, amekumbatia magoti, analia bila sauti. Alikuwa amevaa gauni jeupe alilonunuliwa na bibi yake mwingine, yule wa Uingereza, na mbele, kuanzia kifuani hadi mapajani, supu. Alikuwa ameukunja upindo ngumini kana kwamba doa litafia humo.

Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Nikasema neno langu la ukurasa wa pili.

"Doa."

Akainua uso. Siku nne nzima nilikuwa nasema maneno karibu yake, na hili lilikuwa la kwanza lililokuwa kichwani mwake pia.

"Doa," akasema. Halafu akamwaga mengine mengi ambayo sikuyajua, ila kulikuwa na mama ndani yake na kulikuwa na hofu.

"Doa, si kitu," nikamwambia. "Bibi, doa. Bibi, doa." Neno la bingwa sikuwa nalo, kwa hiyo nikajipiga kifua, nikapuliza kiganja kama mtu anayepeperusha unyoya. "Doa hakuna."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayejisifu. Vizuri. Madoa ndiyo maji ninayoogelea.

Nikamvisha shati langu, likamfika vifundoni. Nikachemsha birika. Nikalitandika gauni juu ya beseni, pale penye doa, nikalifunga kwa kamba kuzunguka ukingo mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma. Halafu nikapanda juu ya stuli na birika langu. Siri ni urefu: maji ya moto yakimwagwa kutoka juu yanalipiga doa na kulipitisha upande wa pili, lakini ukiyamwaga kwa karibu, unalipika doa na kulikalisha daima. Nimefua damu, nimefua iodini, bitiruti ni mchezo wa watoto. Nikamwaga. Waridi ikateremka ndani ya beseni, na kitambaa mbele ya macho yake kikawa cheupe.

Daisy akafungua mdomo. Kisha akasema neno moja, na hata kama sikuwa nalo nilijua: tena.

Tukamwaga tena. Tukasuuza. Tukakamua, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaanika. Tuliporudi ndani akaiona karatasi yangu, orodha ya Evaldas, imebandikwa juu ya sinki na imeshalowa pembeni. Akaisoma. Aliisoma upande wa kushoto, maneno ambayo nusu yake mimi siwezi kuyatamka, akaniangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Halafu akaweka kidole upande wa kulia, kwenye neno la kwetu, akanisubiri.

"Skalauti," nikasema.

"Skalauti," akasema.

Jioni ile tulimaliza ukurasa mzima. Evaldas angeona wivu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilichelewa kwa siku mbili, na badala ya jembe nilimpa kipigio cha zulia. Tukaburuta mazulia yote hadi uani, tukayatundika kwenye chuma, na mtoto akayapiga mpaka mtaa mzima ukajua kwamba kwa Vilė kuna vumbi. Bronė akatoa kichwa juu ya ua.

"Wewe Vilė! Umemtoa mtoto Uingereza aje kukufanyia kazi za mtumwa?"

"Kwani huyu unamwona analia?"

"Namwona anapiga zulia kama analidai."

Daisy akamgeukia, uso mwekundu, nywele zimejaa vumbi, akamwambia kwa Kilithuania, wazi kabisa: "Vumbi!" Bronė akacheka mpaka akashika ubavu, akaenda kumletea bakuli la stroberi, yale matunda mekundu ya bustanini kwake ambayo mimi huwa nagawiwa kwa kijiko.

Mchana tukakunja mashuka ya kitani. Hili nalieleza kwa sababu ndipo moyo wangu ulipokaa. Shuka la kitani haliwezi kukunjwa na mtu mmoja. Linataka wawili, kila mmoja na pembe zake mbili, mnalivuta kila mtu kwake, mnalikung'uta, mnalivuta tena mpaka linyooke, kisha mnaendeana na kukutanisha pembe. Tangu Juozas afariki, miaka sita, nimekuwa nafungia upande mmoja kwenye droo ya kabati na kuvuta upande wa pili peke yangu. Droo inashika, lakini droo haikuendei.

Nikampa Daisy pembe mbili. "Vuta," nikasema. Akavuta kwa nguvu zake zote, nikayumba, nusura niingie kwenye tuta la vitunguu. Akacheka, nikavuta na mimi, naye akaja mbio. Tukakutana katikati, vidole vyake juu ya vyangu, akanikabidhi pembe zake, akainama kuokota mkunjo wa chini. Akarudi nyuma, tena, akaja, tena. Mashuka kumi na mawili. Nilikuwa na mashuka saba tu yaliyofuliwa siku ile. Yale matano niliyatoa kabatini yakiwa safi, nikayafumua. Nilikuwa na furaha, jamani. Nasema waziwazi, furaha ya kutaka kupiga kelele.

Lakini dirishani nilimwona Lorraine amesimama na kikombe, anatutazama, na sikuweza kumsoma. Nilimpungia aje. Akapunga na yeye, akaondoka dirishani. Mtoto nilikuwa nimempata. Anayeamua viangazi ni mama yake, na huyo nilikuwa sijampata.

Ikafika Jumapili ya kuondoka. Shavu la Arvydas lilikuwa limeshuka, anasema vizuri sasa, lakini siku ambayo ningemhitaji kakwenda kujaza mafuta na kuaga rafiki zake. Ndivyo alivyo, tangu utoto, ukimwita yupo njiani. Mimi nilikuwa jikoni nawafungia mkate na jibini ya njiani. Nikasikia kutoka chumbani sauti ninayoijua kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Fyaa. Fyaa. Fyaa.

Nikaacha kisu. Nikaenda.

Lorraine alikuwa ametandua vitanda, kakunja blanketi, kapangusa dirisha, na sasa ameshika ufagio wangu, anafagia. Alikuwa ameshafika katikati ya chumba. Nyuma yake sakafu safi, mbele yake fungu dogo la vumbi, mchanga wa ziwani, mabaki ya penseli za rangi, nyuzi mbili tatu za nywele nyekundu.

Mungu wangu! Kila mtu kwetu anajua, hata asiyekwenda kanisani, hata mwalimu Evaldas mwenye vitabu vyake: mtu anayesafiri hafagiliwi nyuma. Unangoja afike. Ukifagia kabla, umemfagia yeye, na njia ya kurudi umeifuta. Na huyu alikuwa anajifagia mwenyewe, na mume wake, na mtoto!

"Hapana fagia!" nikapiga kelele, nikaurukia ufagio, nikautoa mkononi mwake.

Akabaki mikono mitupu. Akawa mweupe, kisha ile nyekundu ikaanza shingoni. Akasema kwa kasi, sauti inapanda, na katika hayo yote nilishika mawili tu, yote ya ukurasa wa kwanza: safi, na chafu. Yalinitosha. Alikuwa anasema hakuna anachofanya kikawa safi machoni pangu. Sahani, na sasa sakafu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, maskini, mtu alikuwa anataka tu aniachie chumba kizuri. Akashika sanduku lake, akalivuta kuelekea mlangoni, na mimi niliiona Uhispania yote pale mlangoni, na bahari yake.

Nikasimama mbele yake. Sina aibu, nilitandaza mikono kama ninayezuia bata.

Sikuwa na neno la safari. Sikuwa na neno la kurudi, wala la hofu, wala la samahani. Nilikuwa na mia moja na arobaini ya beseni, na nikasema, sawa, Vilė, ulishatoa madoa makubwa kuliko hili.

"Vumbi," nikasema, nikaonyesha fungu. Nikaupeleka ufagio hewani hadi mlangoni. "Fagia. Nje. Kwisha. Vumbi, hapana tena."

Lorraine akanitazama, hajaelewa.

Nikamgusa bega. "Wewe, si vumbi." Nikaonyesha barabara ambako Arvydas alikuwa. "Arvydas, si vumbi." Daisy alikuwa ametokea mlangoni, begi lake mgongoni. "Daisy, si vumbi. Leo fagia, hapana. Leo uchafu, mzuri. Uchafu, mimi..." Na hapo nikakwama. Nikatafuta kichwani, ukurasa kwa ukurasa, ndoo, kamba, magadi, pasi, mpaka nikaiona chupa ya dawa ya madoa na maandishi yake mekundu ya Kiingereza: tunza mbali na watoto.

"Tunza," nikasema. "Uchafu huu, mimi tunza."

Lorraine alimwangalia binti yake. Na Daisy, aliyekuwa na siku tatu tu kwenye Kiingereza changu lakini alikijua kuliko mtu yeyote duniani, akaanza kumweleza mama yake, taratibu, akinionyesha mimi, akionyesha fungu, akionyesha njia. Baadaye Arvydas, alipoelezwa na Lorraine, alinitafsiria alichosema. Alisema: "Mama, hasemi wewe ni mchafu. Anasema ukifagia utatufagia sisi. Anataka tubaki kidogo sakafuni mpaka tufike. Anataka turudi."

Nani alimwambia hilo la mpaka tufike? Mimi sikumwambia. Labda liko kwenye zile nywele.

Lorraine akaachia sanduku. Akalitazama lile fungu la vumbi. Kisha mwanamke yule, Mwingereza yule asiyesuuza sahani, akainama na suruali yake nyeupe ya safari, akachukua kizoleo, akazoa fungu lote, nywele, mchanga na penseli. Nikadhani anakwenda kulitupa. Hakwenda kokote. Aligeuka kwenye ile nusu ya chumba aliyokwisha kuifagia, akatikisa kizoleo kwa mkono mmoja, polepole, kama mpanzi, akalirudisha vumbi lote sakafuni, mpaka kwenye kona.

Akanitazama kuuliza kama ni hivyo.

"Safi," nikamwambia, na nikamshika, nikamkumbatia, naye akawa analia begani pangu na mimi nalia begani pake, kwa kuwa alikuwa mrefu ilibidi ainame. Arvydas akafika na funguo mkononi, akauliza nani kafa.

Waliondoka saa tano. Nilifunga mlango wa kile chumba, nikaenda kukaa barazani. Alasiri Bronė akaja kuniliwaza, akachungulia chumbani, akarudi ameshika kifua.

"Yesu na Maria! Vilė, nani kamwaga vumbi sakafu nzima?"

"Mkwe wangu."

"Na wewe mkuu wa madobi umekaa tu?"

"Nimekaa. Na wewe kaa, na usiingie humo na viatu vyako, utanichafulia."

Akakaa. Tukala jibini iliyobaki. Hakuniuliza tena, maana na yeye ana watoto wawili Ireland.

Simu ililia saa tatu kasoro, jua la Julai bado liko juu ya banda la kuni. Alikuwa Arvydas. Wamefika, ndege ilikuwa sawa, mvua inanyesha huko. "Halafu Mama, Lorraine anauliza. Mwakani, kama hutachoka, wanataka waje wiki tatu, yeye na mtoto watangulie, mimi nitafuata."

Nikasema ngoja niangalie nafasi yangu. Bronė akanifinya.

"Haya, kuna mtu anataka kusema na wewe," Arvydas akasema.

Nikasikia simu inapokelewa. Nikasikia pumzi. Nikangoja, nimefumba macho, nimeshika simu kwa mikono miwili. Kisha sauti ndogo, kwa Kilithuania, maneno mawili, kila moja limewekwa mahali pake:

"Bibi, fagia."

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nikamwambia simu mbovu, sikusikia, arudie. Akarudia.